Almasi ya mwaka 1947 ambayo haikuchimbwa Mwadui

KITENDAWILI. Tega. Uwanja wa michezo unaitwa almasi, lakini haupo Mwadui?

Kilitegwa pale Maganzo, kijiweni, siku tuliyokuwa tunasubiri gari la kuturudisha Shinyanga mjini. Kwa msiopafahamu, Maganzo ni mji mdogo ulioota ubavuni mwa mgodi wa Mwadui, wilaya ya Kishapu, na watu wake wana mazungumzo ya aina mbili tu: mawe na mpira. Kwenye mpira bado wanaishi na Mwadui FC, timu iliyocheza Ligi Kuu misimu sita kuanzia 2015/16, ikashuka 2021, lakini ambayo Oktoba 2019 iliifunga Simba 1-0 pale Kambarage, tena Simba iliyokuja kubeba ubingwa msimu uleule. Ukikaa pale nusu saa bila kusimuliwa mechi hiyo, ujue umekaa na wageni.

Basi majibu yakaanza. Mmoja akataja Mwadui Complex, akaambiwa hajasikia swali. Mwingine akataja Diamond Jubilee ya Dar es Salaam, akazomewa, maana ule ni ukumbi, labda wa ngumi. Wakataja viwanja vya Afrika Kusini, wakataja vya Botswana. Mwisho wakasalimu amri, wakatoa mji. Wakampa Mwanza, aliyetega akaukataa, akataka Dar es Salaam nzima. Alikuwa mzee mmoja mstaafu wa mgodi, na jibu lake lilinifanya nirudi chumbani nikiwa na kazi ya kuandika.

Jibu ni uwanja wa besiboli. Chora mraba wenye upande wa futi 90, yaani mita 27 na ushee, halafu ugeuze usimame kwa kona yake. Utapata umbo la uru kwenye karata. Wamarekani wenyewe uwanja huo wanauita almasi. Kila kona ina kituo. Mpigaji anasimama kona ya chini, ambayo inaitwa nyumbani, akiwa na gongo. Mrushaji wa timu pinzani anasimama katikati na kumrushia mpira mdogo mgumu kwa kasi ya gari la barabara kuu. Akiupiga vizuri, anatimua mbio kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na akifanikiwa kurudi nyumbani timu yake inaandikiwa pointi. Sheria nyingine ni nyingi na wala hazitusaidii leo. Hapa kwetu mchezo huu umeanza kuingia mashuleni miaka ya karibuni kwa msaada wa Wajapani, na Azania Sekondari pale Dar wana uwanja wake.

Mzee akatega cha pili. Mwaka 1947 dunia iliokota almasi mbili za ajabu. Moja ilitoka Mwadui. Ya pili?

Ya kwanza kijiwe kizima waliijua. Oktoba 1947 mgodi wa Dk. John Williamson, Mkanada aliyeligundua eneo la Mwadui mwaka 1940, ulitoa jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Williamson akalitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huo. Likachongwa London, likabaki karati 23.6. Watoto wa Maganzo wanaisimulia habari hiyo kama wanavyosimulia bao la Kambarage.

Ya pili ilipatikana Aprili 15, miezi sita kabla, katika uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, New York. Ilikuwa na jezi namba 42 mgongoni. Jina lake Jackie Robinson.

Nikiri kwamba mimi ni mtu wa soka. Chuoni tulifundishwa kuandika mpira wa miguu, ngumi na riadha, besiboli ilipita kama jina tu. Lakini nimekuja kugundua huyu bwana ana vitendawili vingi kuliko mchezaji yeyote niliyewahi kumfuatilia, na kadhaa kati ya hivyo vinaishia huku kwetu Afrika Mashariki. Vya mwisho nitavifikia.

Tuanze na kuzaliwa. Shabiki gani hajui mtego wa mji? Ukiulizwa nyota gani wa Marekani amezaliwa Cairo usikimbilie Misri. Jack Roosevelt Robinson alizaliwa Januari 31, 1919, katika mji mdogo uitwao Cairo, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walilima shamba la mzungu kwa kugawana naye mavuno. Jina la kati alipewa kwa heshima ya Rais Theodore Roosevelt, aliyekuwa amefariki mwezi uleule. Alikuwa kitinda mimba, wa tano. Baba aliondoka mtoto akiwa bado mchanga, hakurudi. Mama, Mallie, akafungasha watoto wote watano mwaka 1920, akapanda nao treni mpaka Pasadena, California, akafanya kazi za ndani na kufua nguo za watu hadi akapata nyumba katika mtaa wa Pepper. Majirani wazungu hawakuwataka. Mama yule hakuhama.

Hapa inabidi nisimame kwa kaka mtu, maana bila yeye huwezi kumwelewa mdogo. Kitendawili: mwaka 1936, Olimpiki ya Berlin, mbio za mita 200, Jesse Owens alichukua dhahabu. Fedha nani? Wengi wanakwama. Ni Mack Robinson, kaka yake Jackie, aliyemaliza sekunde chache za kumi nyuma ya Owens. Akarudi nyumbani Pasadena na medali yake shingoni, na kazi aliyoipata ni kufagia barabara. Alikuwa anafagia usiku, na inasimuliwa kwamba baridi ikizidi alikuwa anavaa koti lake la timu ya Olimpiki. Mdogo mtu aliona yote hayo. Kila nikisoma habari za Jackie na hasira zake, huwa nakumbuka ule ufagio.

Jackie alikuwa hatari kuliko Mack. Chuo Kikuu cha California pale Los Angeles, UCLA, alikuwa mwanafunzi wa kwanza kuwakilisha chuo katika michezo minne: mpira wa kikapu, mpira wa Kimarekani, riadha na besiboli. Mwaka 1940 alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani katika kuruka chini, kwa zaidi ya mita saba na nusu. Sasa sikia kitendawili ninachokipenda kuliko vyote. Kati ya michezo hiyo minne, upi ulikuwa mbovu kwake? Besiboli! Msimu wake wa chuo alipiga wastani wa .097, yaani katika kila majaribio kumi hakufikisha hata moja lililozaa kituo. Huko kwetu angepelekwa kikosi cha pili na kusahaulika. Ndiyo maana kila nikiona kocha anamkata kijana wa miaka 19 baada ya mazoezi mawili, huwa nacheka kimoyomoyo.

Chuoni pia alimpata Rachel Isum, mwanafunzi wa uuguzi, ambaye walikuja kufunga ndoa Februari 10, 1946. Kwa wapenda tarehe: Februari 10 ndiyo siku aliyozaliwa Dk. Williamson wa Mwadui, mwaka 1907.

Vita ya pili ya dunia ikamkuta. Akaingia jeshini mwaka 1942, akapata cheo cha luteni. Julai 1944, katika kambi ya Hood jimboni Texas, dereva wa basi alimwamuru akakae nyuma, walikokaa weusi. Jeshi lilikuwa limeshapiga marufuku ubaguzi katika mabasi yake, na luteni Robinson alilijua hilo. Akagoma. Akakamatwa, akafunguliwa kesi ya kijeshi ya utovu wa nidhamu. Jopo la maofisa tisa likamwachia huru Agosti. Kila mtu anamkumbuka Rosa Parks aliyegoma kwenye basi la Alabama mwaka 1955. Luteni huyu alishagoma miaka 11 kabla. Kikosi chake cha vifaru kilikwenda kupigana Ulaya bila yeye, na Novemba 1944 akaagwa jeshini kwa heshima.

Sasa aende wapi? Ligi kuu za besiboli Marekani zilikuwa na wazungu watupu. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, kulikuwa na makubaliano ya kimyakimya ya wenye timu. Weusi walikuwa na ligi zao, na Robinson mwaka 1945 akajiunga na Kansas City Monarchs, wakizunguka kwa basi, wakila ndani ya basi na mara nyingine kulala humohumo kwa sababu mahoteli hayakuwapokea.

Hapa kuna mtego ambao hata vitabu huwa vinaukanyaga. Ukiulizwa mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli Marekani ni nani, usijibu haraka. Moses Fleetwood Walker aliichezea Toledo mwaka 1884. Baada ya hapo mlango ukafungwa, ukakaa umefungwa miaka zaidi ya 60. Robinson ni wa kwanza kuufungua upya. Na mimi naona kufungua mlango uliofungwa ni kazi ngumu kuliko kuupita kabla haujafungwa.

Aliyekuwa na funguo ni Branch Rickey, bosi wa Brooklyn Dodgers. Agosti 28, 1945, alimwita Robinson ofisini kwake Brooklyn, wakakaa karibu saa tatu. Rickey alikuwa mcha Mungu na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, alijua weusi walikuwa na vipaji na walikuwa na hela za kiingilio. Saa hizo tatu alizitumia kuigiza. Alijifanya mhudumu wa hoteli anayemfukuza, akajifanya mchezaji anayemtukana mama yake, akajifanya shabiki mlevi. Alitaka kuona kijana atafanya nini. Robinson alipomuuliza kama anamtafuta mtu mwoga wa kujibu mapigo, Rickey alimweleza kwamba anamtafuta mtu mwenye ujasiri wa kutojibu. Makubaliano yalikuwa hayo: atukanwe, apigwe, anyamaze.

Fikiria huyu ndiye aliyegoma kwenye basi mwaka mmoja kabla.

Akapelekwa kwanza Montreal Royals, timu ya daraja la chini ya Dodgers, huko Kanada. Montreal ndiko Williamson alikosomea jiolojia, Chuo Kikuu cha McGill, mpaka akapata udaktari. Kwa hiyo mji ule umetoa watu wawili wa almasi, mmoja wa kuzitafuta chini ya mbuyu Usukumani, mwingine wa kuzikimbia kwa miguu.

Mechi yake ya kwanza na Royals ilikuwa Aprili 18, 1946, ugenini Jersey City. Alisimama na gongo mara tano, akapata vituo mara nne, mojawapo ikiwa ni ule mpigo wa kutoa mpira nje ya uwanja ulioleta pointi tatu. Akaiba vituo viwili. Royals wakashinda 14-1. Msimu ukaisha akiwa ndiye mpigaji bora wa ligi kwa wastani wa .349, Royals wakabeba ubingwa, na mashabiki wa Montreal wakamkimbiza barabarani. Wanahabari wa wakati ule hawakuacha kulishangaa hilo, kundi la wazungu likimkimbiza mtu mweusi kwa sababu linampenda.

Na hapo kitendawili kingine. Mwizi gani anaiba mbele ya watu 30,000 na uwanja unasimama kumshangilia? Ni mwizi wa kituo. Mkimbiaji aliyesimama kituo cha kwanza anaweza kuchoropoka kwenda cha pili wakati mrushaji anajiandaa kurusha, bila mpira kupigwa. Akichelewa anadakwa, ametoka. Robinson alikuwa bingwa wa uhuni huo. Alikuwa anachezacheza miguu pale kituoni, mbele, nyuma, mbele, kama Chama anavyomsimamisha beki, mpaka mrushaji anachanganyikiwa. Mgumu kuliko wote ni wizi wa nyumbani, maana pale mpira wenyewe ndipo unapoelekea. Katika ligi kuu aliiba nyumbani mara 19. Watu wanacheza miaka 15 bila kuiba hata mara moja.

Basi Aprili 15, 1947. Alikuwa na miaka 28, umri ambao kwetu watu wanaanza kumwita mchezaji mzee. Zaidi ya watu 25,000 waliingia Ebbets Field, zaidi ya nusu yao weusi. Alicheza kituo cha kwanza, nafasi ngeni kwake. Dodgers wakaifunga Boston Braves 5-3. Hakupiga cha maana siku hiyo, lakini aliingiza moja ya pointi za ushindi. Ukisoma takwimu za siku ile tu, utasema mechi ya kawaida.

Ugumu ulianzia ndani. Baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa wameandaa karatasi ya kusaini kumkataa, ikazimwa na kocha Leo Durocher, ambaye naye akafungiwa kabla msimu haujaanza. Kisha wakaja Philadelphia Phillies, Aprili hiyohiyo. Meneja wao Ben Chapman na wachezaji wake walimporomoshea matusi ya rangi mechi nzima, kutoka benchi, hadharani. Robinson alikuja kuandika baadaye kwamba siku ile nusura avunje ahadi, aende pale benchi amshike mmoja, amtandike, kisha aondoke zake moja kwa moja. Hakwenda. Aliyefoka alikuwa mwenzake, Eddie Stanky, mzungu, ambaye mwanzoni hakumtaka. Nadhani pale ndipo Dodgers walipogeuka timu.

Mwezi uliofuata, Philadelphia, ikatakiwa picha ya kuonyesha kwamba mambo yameisha. Tazama picha ile ukiipata. Chapman na Robinson hawapeani mikono. Wameshika gongo moja, huyu huku, yule kule. Kitendawili chake ni kwa nini gongo, na jibu unalo.

Barua za kutishia kumuua zilikuja. Hoteli ziliwakataa. Msimu ule alipigwa na mpira wa mrushaji mara tisa. Agosti, Enos Slaughter wa St. Louis alimkanyaga mguu kwa njumu za chuma pale kituo cha kwanza. Slaughter alikana maisha yake yote kwamba alikusudia. Robinson akainuka, akaendelea. Mwisho wa msimu alikuwa na wastani wa .297, ameongoza ligi yake kwa wizi wa vituo, mara 29, na akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora, ambayo ndiyo kwanza ilianzishwa mwaka ule. Leo tuzo hiyo inaitwa kwa jina lake. Julai, Cleveland nao walimwingiza Larry Doby, mweusi wa pili, ambaye watu wamemsahau isivyo haki. Doby alikula matusi yaleyale bila kupata sifa zilezile.

Ahadi ya kunyamaza ilikwisha mwaka 1949. Rickey alimfungulia, na hapo ndipo watu wakamjua mwenyewe. Alibishana na waamuzi, aliwajibu wapinzani, aliandika magazetini. Waliompenda akiwa kimya wakaanza kumwona ana maneno mengi. Kiwango? Mwaka huohuo alikuwa mpigaji bora wa ligi yake kwa .342, akaiba vituo 37 na akawa mchezaji bora wa ligi. Kwa hiyo wale wanaosema alicheza vizuri kwa sababu ya utulivu, waniambie 1949 ilikuwaje.

Ubingwa wa dunia ulimsumbua. Dodgers walifika fainali mara sita enzi zake, kila mara wakikutana na Yankees wa mjini kwao kulekule. Walishinda moja tu, 1955. Katika mchezo wa kwanza Robinson, miaka 36, mzito, nywele zimeanza mvi, aliiba nyumbani. Mdakaji wa Yankees, Yogi Berra, alimrukia mwamuzi akidai alimgusa kabla, na aliendelea kudai hivyo hadi uzeeni. Mtego sasa: mchezo wa saba, ulioleta ubingwa, Robinson alifanya nini? Hakucheza. Alikaa benchi. Nimewapima watu wanne waliojifanya wanajua, wote wamekwama hapo.

Desemba 1956 Dodgers wakamuuza kwa mahasimu wao wakubwa, New York Giants. Ni sawa na kumtoa mkongwe wa Msimbazi umpeleke Jangwani bila kumuuliza. Hakwenda, maana alikuwa ameshaamua kutundika daluga na kukubali kazi ya makamu wa rais katika kampuni iitwayo Chock full o'Nuts. Ushikilie mkono mmoja hapo, maana kampuni hiyo ilikuwa inauza kahawa.

Sasa tuje huku kwetu.

Mwaka 1959 kijana wa Kenya, Tom Mboya, alizunguka Marekani akitafuta nafasi za vyuo kwa vijana wa Afrika Mashariki. Nafasi zikapatikana, nauli ikakosekana. Ikaandikwa barua ya kuomba michango kwa Wamarekani, ikasainiwa na watu watatu: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na Jackie Robinson. Septemba mwaka huo ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata zikaja nyingine, na safari hii vijana wa Tanganyika, Uganda na kwingineko walikuwemo. Hadi 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800. Wangari Maathai alipita njia hiyo.

Mwaka 1960 Robinson alimwendea Makamu wa Rais Richard Nixon, aliyekuwa anagombea urais, ili serikali ilipie ndege za mwaka ule. Serikali ilikuwa inasuasua. Mpinzani wa Nixon, John Kennedy, akatoa dola 100,000 kutoka mfuko wa familia yake. Robinson alibaki kwa Nixon hata hivyo, akampigia kampeni, akaja kujuta. Sioni sababu ya kumficha. Mtu aliyesoma warushaji wote wa ligi alimsoma vibaya mwanasiasa.

Mwaka 1962 akaingia Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, mweusi wa kwanza. Aliandamana na Martin Luther King, akasaidia kuanzisha benki ya weusi Harlem mwaka 1964. Lakini nyumbani kulikuwa kugumu. Mtoto wake wa kwanza, Jackie Junior, alikwenda vita ya Vietnam, akajeruhiwa, akarudi na dawa za kulevya. Alipambana, akaziacha, akawa anasaidia wengine kuziacha. Juni 1971 akafa katika ajali ya gari, miaka 24. Baba mwenyewe kisukari kilikuwa kimeshamla macho na miguu.

Oktoba 15, 1972, walimwita katika fainali huko Cincinnati kumpongeza kwa kutimiza miaka 25 tangu siku ile ya Ebbets Field. Alikuwa karibu kipofu. Angeweza kushukuru na kukaa. Alishukuru, kisha akasema mbele ya nchi nzima kwamba atafurahi zaidi siku atakapoona meneja mweusi pale pembeni ya uwanja. Siku tisa baadaye, Oktoba 24, moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 53. Alizikwa Brooklyn, jirani na mwanawe. Meneja mweusi wa kwanza alipatikana 1975, Cleveland, naye anaitwa Frank Robinson. Si ndugu yake, na hilo nalo ni swali zuri la kumwangusha mtu kijiweni.

Namba 42 ilistaafishwa na ligi nzima Aprili 15, 1997, timu zote. Waliokuwa wanaivaa waliachiwa waendelee nayo; wa mwisho kuivua alikuwa Mariano Rivera wa Yankees, 2013. Ila kila Aprili 15 wachezaji wote wa ligi wanaivaa, hata waamuzi. Kwa hiyo ukitegewa kitendawili cha siku ambayo mtangazaji hawezi kumtambua mchezaji kwa namba, ni hiyo.

Imebaki ile kahawa. Mtoto wa mwisho wa Robinson, David, alikuwa na miaka 20 baba yake alipofariki. Miaka ya 1980 alihamia Tanzania. Hakukaa Dar es Salaam kula upepo wa bahari. Alikwenda Mbozi, kule nyanda za juu kusini, akafyeka pori, akapanda mibuni, akaungana na wakulima wa huko kuiuza kahawa yao Marekani. Baba alikuwa bosi katika kampuni ya kahawa New York, mwana ana mibuni Mbozi.

Nilipomrudia yule mzee wa Maganzo na kitendawili hiki, alifikiri muda mrefu kuliko alivyotufikirisha sisi. Akataja Moshi, akataja Bukoba, akataja Mbinga. Nikamwambia bado. Akaniuliza nataka mji gani, nikamwambia anirudishie Dar es Salaam yetu.